Nyota Karudi, Mwandishi Yupo

Riwaya za marudiano zina raha yake: mwandishi na nyota waliachana, miaka kumi baadaye wanakutana kwa siri, mvua inanyesha. Kwa siri? Mji wa Kale huu wa Mombasa? Nyota akikatiza Ndia Kuu na miwani yake myeusi, kabla hajafika Ngomeni mabaraza yashajua kaja na mkoba gani, na shangazi mtu ashauliza mahari.

Sisi mwandishi na nyota tumewaona, tena bila busu: Ahmad Nassir akitunga, jamaa yake Juma Bhalo akiimba taarabu. Harusini hutuzwa muimbaji, lazima. Mtunzi naye ana diwani yake ya mashairi, Malenga wa Mvita, iliyotoka 1971. Ukienda kununua riwaya yako, muulize muuzaji na hiyo.