Heko, Ada Isiyorudishwa

Masasi na Newala hakuna uhaba wa vitu vya kusifiwa. Korosho zina wasifiaji wake, vinyago vya Kimakonde vimesifiwa hadi Ulaya, na mgeni akifika Newala hupelekwa ukingoni akaone Shimo la Mungu. Ada ya viza ya Marekani peke yake ndiyo iliyokosa mtetezi, hasa ada ya J-1, viza ya wageni wa mabadilishano ya masomo na mafunzo. Inatajwa kwa kununa, kana kwamba ni jambazi. Nami nasema kwamba hakuna semina, mradi wala hotuba ya mkuu wa wilaya iliyomfanya kijana wa Uwanda wa Makonde aone thamani ya kwao kama ilivyofanya ada hii.

Tuanze na fedha, maana ndiko malalamiko yanakoanzia. Tangu Juni 2023, kuomba viza hii ni dola 185. Tena kabla ya mahojiano, mwombaji aliyekwisha kupata fomu DS-2019 kutoka kwa mdhamini wake hulipa dola 220 za SEVIS, mfumo wa kompyuta unaofuatilia mgeni anaishi wapi na anafanya nini. Yaani mtu anajilipia kufuatiliwa, jambo ambalo wakubwa wetu hugharamiwa na Hazina. Jumla ni dola 405. Ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, ni zaidi ya milioni moja. Na kwa bei ya shilingi 3,300 ambayo Serikali iliitangaza mwaka 2018 iliponunua korosho yenyewe, ni zaidi ya kilo 300. Kilo hizo zimepuliziwa salfa, zimeokotwa moja moja chini ya mikorosho, zimeanikwa, zimebebwa hadi chama cha ushirika, AMCOS, zikasubiri mnada. Mlalamikaji atasema hapo ndipo penye dhuluma. Lakini ni nani aliyefundwa vizuri zaidi kuipokea ada hii kuliko mkulima wa korosho? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, amezoea kukabidhi mali yake, kupewa karatasi na kungoja. Amezoea makato yanayoifikia fedha yake kabla yake. Na ada ya viza inaizidi mifumo mingi kwa uaminifu: imeandikwa wazi kwamba hairudishwi, na kweli hairudishwi. Haimwambii mtu aje wiki ijayo.

Uzuri wake mkubwa, hata hivyo, unaonekana kwenye dirisha la ubalozi. Kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamchukulia mwombaji kuwa anataka kuhamia huko moja kwa moja, mpaka aonyeshe vinginevyo. Sasa mtazame kijana huyu. Amekua akisikia kwamba kuendelea ni kuondoka Newala. Akiwa Dar es Salaam, akiulizwa kwao, hujibu “Mtwara” kwa haraka ili asiitaje Kitangari ya kwao. Leo amesimama ubalozini, ameacha simu nje, ameshatoa alama za vidole vyote kumi, picha yake ya inchi mbili kwa mbili imepigwa bila miwani kwenye ukuta mweupe, na afisa nyuma ya kioo anamuuliza atarudi kufanya nini. Ghafla Kitangari inapata sifa! Kuna mikorosho ya babu, kuna mama, kuna wadogo zake wanaosoma Ndanda, kuna kazi inayomngoja. Ndani ya dakika chache anaitetea kwao kuliko alivyowahi kuitetea maishani. Hotuba hiyo kailipia, na mtu hasemi ovyo kwa kitu alichokilipia.

Kuna watakaosema kwamba mikorosho ya babu haina hati, na afisa hawezi kusoma mipaka iliyowekwa kwa mwembe na kumbukumbu za wazee. Ni kweli, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote: mwenye mizizi mirefu zaidi ardhini mara nyingi ndiye mwenye karatasi chache. Ila tazama ada inavyomlea mtu kama huyo. Kwa ajili ya ada hiyo amefuata cheti cha kuzaliwa RITA, ameikimbilia namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, amelipa shilingi 150,000 za pasipoti ya kielektroniki. Kampeni ngapi zimeshindwa kumfikisha huko? Akinyimwa viza, anabaki raia aliyekamilika kwa nyaraka zote, asiye na pa kuzipeleka.

Wengine hulalamika kwamba wanaofadhiliwa na Serikali ya Marekani, kama wa Fulbright au wanafunzi wa sekondari wa YES, hawalipi ada hizi, ilhali aliyejitafutia nafasi mwenyewe analipa zote. Sioni tatizo. Aliyebebwa hahitaji kufundishwa kutembea.

Limebaki pingamizi la Lupaso. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa kijiji hicho cha Masasi, alitoka Makerere akaenda kusoma Columbia University, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1960, SEVIS haijawahi hata kuotwa. Alirudi bila kufuatiliwa na kompyuta yoyote, akaja kuwa Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Daraja la Rufiji lenye jina lake lilifunguliwa mwaka 2003, mwaka uleule SEVIS ilipoanza kazi, na mwombaji anayetoka Masasi kwenda kuhojiwa Dar es Salaam hupita juu yake. Basi, watauliza, ada ya nini ikiwa watu walirudi bila ada? Swali hilo ni la kukosa adabu. Mkapa alirudi na shahada. Risiti hakuwa nayo.

Desemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika nchi zilizowekewa vizuizi, na J-1 ni miongoni mwa viza zilizositishwa kuanzia Januari 1, 2026. Tangazo hilo halikugusa ada. Dola 185 zimebaki 185.