Kalamu Ibaki kwa Mwenye Kazi: Shajara ya Ankoro

Jumatatu

Nilitoa meza barazani. Saa nane mchana akaja kijana anayesomea uchumi Kalemie, amebeba kazi yake ya mwisho wa masomo, ile tunayoiita TFC. Anaandika juu ya biashara ya samaki wa kukausha hapa kwetu Ankoro, ambapo Luvua unaingia Lualaba. Akaweka karatasi mezani: "Papa Mwalimu, unisahihishie tu. Nitapitia kesho kuzichukua."

Nikamwambia akae. Kiti cha pili kilikuwa kimeazimwa na jirani kwa ajili ya matanga, kwa hiyo akakalia bidoni.

Nilimwomba asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Sentensi ya kwanza ilikuwa ndefu, hata pumzi ikamwishia katikati, na alipofika mwisho hakukumbuka ilianza na nini. Nikazifunika zile karatasi kwa mkono, nikamwuliza kwa Kiswahili: "Mwanangu, unataka kujua nini kuhusu samaki hawa?" Akajibu papo hapo. Bei inapanda njia nzima, toka kwa mvuvi mpaka soko la mjini, na yeye anataka kujua ile faida inabaki kwa nani: kwa mvuvi, kwa mama anayenunua kandokando ya mto, au kwa mwenye chombo cha kusafirisha.

Hiyo ndiyo problematiki, yaani swali kuu la kazi, ambayo direkta wake, mwalimu anayemwongoza, anamdai tangu mwanzo. Alikuwa nayo kichwani, katika lugha anayoota nayo. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inaitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Chuoni mtu anaandika kwa ile ya kwanza, lakini anafikiri kwa nyingine, na huku Ankoro Kiluba nacho kimo ndani. Simwoni mjinga mwanafunzi anayekwama hapo. Namwona mtu anayebeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na ni haki yake kusaidiwa kuushusha mmoja kwanza.

Nikamwambia aiandike haraka. Biki yake ilikuwa imekauka. Yangu mtoto ameenda nayo shuleni. Akaanza kuandika kwenye simu, nayo ikazimika kabla ya nukta.

Jumanne

Mvua kutwa. Hakuna aliyekuja. Paa limevuja juu ya kamusi, na kurasa za herufi P zimegandana. Nimezitenganisha kwa wembe hadi jioni.

Jumatano

Kijana alipeleka kurasa zake kwa mtu anayechapa kazi za watu, mwenye kompyuta na jenereta. Akarudi na karatasi zisizosomeka. Mchapaji amezoea kibodi ya Kifaransa na huchapa macho yakiwa kwenye karatasi. Siku hiyo mashine ilikuwa imewekwa kwenye mpango wa Kiingereza, ambamo A na Q zimebadilishana nafasi. Lualaba imekuwa Luqlqbq. Ankoro imekuwa Qnkoro. Kila penye M pamewekwa nukta na mkato.

Wakaiamuru kompyuta igeuze kila Q kuwa A. Mto ukarudi kuwa Lualaba, lakini kila neno la Kifaransa lenye Q halisi likabaki na A yake, na sasa hakuna amri ya kuzitenganisha. Petroli ikaisha.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: wakati wa kungoja petroli, mchapaji alimwambia kwamba ndani ya mashine zimo TFC za miaka iliyopita, zimekamilika, na kubadilisha jina, mji na mwaka ni bei rahisi kuliko kuchapa upya. Kijana alinisimulia hayo kwa sauti ya chini, akiniangalia usoni. Nilimjibu kwamba kazi ya kununua itampatia diploma, na siku mkuu wa ofisi atakapomwomba ripoti ya kurasa chache tu, hatakuwa na pa kuanzia. Lakini najua kwa nini mlango ule una wateja. Aliye peke yake usiku, tarehe ya kuwasilisha imekaribia na hana wa kumwuliza, atanunua kinachouzwa.

Alhamisi

Mpwa wangu anaishi Iowa City, Marekani, mji wenye Wakongomani wengi. Nilikuwa nimemwomba anieleze wanafunzi wa huko wanasaidiwaje kuandika. Ameleta ujumbe wa sauti. Ukafunguka nusu, mega zikaisha. Nikaenda kununua nyingine. Muuzaji amekwenda shambani. Nusu ya pili nimeisikia usiku.

Anasema Chuo Kikuu cha Iowa kina kituo cha uandishi kilichoanza miaka ya 1930, na ni kati ya vile vya zamani zaidi nchini humo. Mwanafunzi anaomba nafasi, anakuja na alichoandika hata kama ni nusu ukurasa, wanakaa pamoja yeye na msaidizi. Msaidizi hatoi alama wala hamwandikii. Anauliza, anasikiliza, anamwachia kalamu. Kituo cha Chuo Kikuu cha Purdue, kilichofunguliwa 1976, kiliweka mafunzo yake kwenye intaneti mwaka 1994, na hadi leo watu wa nchi nyingine wanayasoma bure.

Nimefurahi sana kusikia hayo. Wengine huku wananiambia ninawanyima watoto msaada ninapokataa kushika kalamu yao.

Ijumaa

Dada anayesomea uuguzi alikuja na sura nzima ya pili, imeandikwa vizuri. Shida ilikuwa chini ya kurasa. Alitumia "ibidem" kila aliporudia kitabu kilekile, kama tunavyofundishwa, halafu juzi akaingiza rejea mpya katikati. Neno lile linafuata rejea iliyolitangulia, yoyote ile. Kwa hiyo Émile Durkheim, mwanasosiolojia wa Ufaransa aliyefariki 1917, sasa anaeleza namna ya kupima homa ya mtoto mchanga.

Tumezirudia moja moja. Kwa yeyote anayeandika sasa: acha jina la mwandishi na la kitabu kwa ukamilifu mpaka siku ya mwisho, kisha ndipo uweke "ibidem." Katikati ya kazi mbuzi walivunja ua, akaenda kuwafukuza, akarudi akaendelea alipoachia. Ana moyo. Nilimwambia hivyo.

Jumamosi

Kijana wa uchumi aliniletea flashi. Virusi vimegeuza kila faili kuwa njia ya mkato isiyofika popote. Alikuwa na nakala ya mkono, basi akaikalia upya. Mtumbwi wa kwenda Kabalo, ambao ungembeba akapande treni ya Kalemie, umeondoka bila yeye. Unaofuata haujulikani siku.

Alitumia muda huo kuandika utangulizi mara ya mwisho. Akanisomea. Sentensi ni fupi, swali liko mstari wa pili, na mama wa kandokando ya mto anaonekana humo akihesabu fedha. Sikubadilisha neno.

Jumapili

Baada ya misa nimeandika barua kwa wakuu wa vyuo vya Kalemie na Lubumbashi, nayo ni hii: direkta mmoja anaongoza wanafunzi wengi, hawezi kumsikiliza kila mmoja akitafuta swali lake. Chagueni wanafunzi wa miaka ya juu wanaoandika vizuri, wafundisheni kuuliza bila kuandika kwa niaba ya mtu, wapeni chumba na saa za jioni, na mruhusu mazungumzo ya Kiswahili humo kabla ya ukurasa wa Kifaransa. Haihitaji jengo jipya. Tunaomba mwanze mwaka huu wa masomo.