Msanii Mwenye Bahati Yake

Mwaka 2022 serikali ya Ireland ilianza kuwalipa wasanii 2,000 kila mmoja euro 325 kwa wiki. Hawakutakiwa kutumbuiza kwenye hafla ya waziri wala kuvaa fulana yenye sura yake. Waombaji walizidi 9,000, na waliotimiza masharti wakachezeshwa bahati nasibu. Hakuna jopo lililokaa kubishana shairi la nani lina vina.

Waliokosa nao hawakuachwa hivi hivi. Watu 1,000 kati yao waliwekwa kundi la kulinganisha, wajaze madodoso kuhusu maisha bila posho hiyo. Kukosa nako kukawa kibarua.

Kisha wakaja wachumi na vikokotoo vyao: kila euro 1 iliyotolewa, wakasema, imeiletea jamii faida ya euro 1.39. Shairi likapata risiti.

Kwa upande wake, Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaokopesha wasanii. Si haba, ila mkopo hurejeshwa hata mwezi ambao mtalii hakusimama kwenye kibanda cha michoro ya Tingatinga. Na mpiga ngoma wa harusini? Huyo hulipwa pilau, soda na ahadi: “Hapa kuna wakubwa, utajulikana.” Baba mwenye nyumba wake amekaa meza ya pili. Anamjua vizuri tu.