Namna ya Kukata Nyumba Vipande Bila Kuiua

Anza kwa kufuta. Fungua daftari, tafuta ukurasa ulipoandika "kujenga nyumba", upige mstari juu yake. Hakuna fundi anayeweza kufika saa moja asubuhi, akavua shati na kujenga nyumba. Anaweza kuchimba mtaro. Anaweza kukunja ringi za nondo. Anaweza kupandisha kozi tatu za tofali upande wa jikoni. Nyumba yenyewe watu huiona ikiwa imekwisha, au ikiwa imesimama miaka kadhaa na mpapai umeota sebuleni.

Mwongozo huu ni wa kupambana na mpapai huo. Pembezoni mwa Dar es Salaam, na karibu kila mji unaokua wa nchi hii, maboma yamesimama bila paa, na wenyewe si wavivu hata kidogo. Wamefunga mikanda, wamecheza vikoba, wamekopa kwenye SACCOS. Naamini wengi wao hawakushindwa na ukubwa wa kazi. Waliikata mahali ambapo haikatwi.

Sasa shika kisu. Fedha yetu huja kwa awamu: mshahara, mavuno ya korosho, mchezo wa akina mama. Kwa hiyo kati ya kipande na kipande kazi italala, pengine mwezi, pengine mwaka mzima. Swali la kujiuliza kabla ya kugawa ni moja tu: nikiiacha hapa, mvua ikaja, nitaikuta?

Msingi uliomwagwa mkanda, ukafukiwa kifusi na kushindiliwa, unalala vizuri. Mtaro mtupu haulali. Uchimbe mwishoni mwa Februari, uishiwe fedha, masika yaingie Machi: kingo zitaporomoka, vyura watahamia, na utamlipa mtu mara ya pili kuchimba shimo lile lile. Kuta zilizofika mkanda wa juu zinalala pia, mradi nondo zilizochomoza zipakwe uji wa simenti zisiliwe na kutu.

Paa halilali kabisa. Hapa naomba uache kunywa chai unisikilize. Kenchi zilizosimama bila bati hupinda juani na kuoza mvuani, na mbao ni fedha nyingi. Ukiwa na fedha ya kenchi peke yake, basi huna fedha ya paa, irudishe benki. Katika daftari lako mbao, misumari, bati na ujira wa fundi ni kipande kimoja, kinachoanza na kuisha kwa pamoja. Usikubali kushawishiwa upandishe mbao "ili majirani waone tumefika mbali". Majirani hawatazibadilisha zikioza.

Simenti nayo ina ujanja wake. Mtu anasikia bei itapanda, ananunua mifuko sitini, anailaza sakafuni kwenye chumba kinachovuja. Baada ya miezi michache anamiliki mawe sitini ya kilo 50 kila moja. Nunua ya kipande kilichopo mbele yako, iweke juu ya mbao mbali na ukuta, uitumie.

Kipande kikishapata mahali pa kulala, kipe mwisho unaoonekana kwa macho. Hapa adui ni "bado kidogo, bosi". Duka la vifaa halina mizani ya kidogo, kwa hiyo hesabu tofali. Tofali la inchi 18 kwa 9 linaingia kama 10 katika mita moja ya mraba ya ukuta. Ukuta wa mita 4 uliofika kimo cha mita 3 una mita za mraba 12, yaani tofali kama 120, toa mlango na madirisha. Ukiyajua hayo, mazungumzo ya asubuhi yanabadilika.

"Fundi, leo tunafika wapi?"

"Leo tunamaliza huu wa chumbani, mama, hadi usawa wa linta."

Jioni unakuja na timazi na pima maji. Ukuta umefika linta au haujafika, umenyooka au umelala. Lipa kilichokwisha, palepale, kwa furaha. Fundi anayelipwa kila kipande kinapokwisha hana haja ya kuomba "hela kidogo ya sabuni" katikati ya wiki, maana chovya chovya humaliza buyu la asali, na bajeti za ujenzi huishia zaidi kwenye kuchovya kuliko kwenye wizi.

Kuhusu mpangilio, tuna wakubwa wa kuwafuata. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani, likiunda makombora ya Polaris, lilibuni njia iitwayo PERT: kila kazi inachorwa na mishale kuonyesha ipi lazima itangulie ipi. Wewe huna kombora, una choo, na choo kinahitaji mishale hiyo hiyo. Bomba la majitaka litangulie jamvi. Mabomba ya waya za umeme yatangulie lipu. Asiyechora mishale humwaga jamvi zuri Jumamosi, kisha Jumatatu anamlipa kijana mwenye nyundo alitindue. Chora kwa penseli nyuma ya kalenda, inatosha.

Kusubiri nako ni kazi, ikae kwenye orodha na jina la mtu mbele yake. Zege linataka kumwagiliwa siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa likifika siku 28. Andika: "Kumwagilia jamvi, asubuhi na jioni, Juma." Ukiandika "kumwagilia" bila Juma, litamwagiliwa na umande.

Ndugu uliye Muskati au Minnesota, unayejenga kwa simu kupitia mdogo wako, vipande vyako vikatwe vyembamba zaidi. Kipande ambacho hakiwezi kupigwa picha kikiwa kimekwisha ni kikubwa mno. Omba picha ya timazi ikining'inia kando ya ukuta. Omba picha ya nondo kabla hazijafunikwa zege, kwa sababu baada ya hapo utabaki na imani tu. Na umlipe huyo mdogo wako: kusimamia ni kazi halali, na lawama nyingi za kifamilia zingekwisha iwapo ingeandikwa kwenye daftari kama kazi nyingine.

Siri kubwa nimeiweka huku chini, ili aliyechoka njiani akaipate kwa fundi. Hadi paa, nyumba hukatwa kwa matabaka: msingi wote, kuta zote, paa lote. Baada ya paa, geuza kisu ukate kwa vyumba. Watu hupiga lipu nyumba nzima, halafu fedha inaisha. Wanapata vyumba vitano visivyokalika na kodi inaendelea kule walikopanga. Maliza kimoja mpaka mwisho, lipu, sakafu, dirisha na mlango. Ongeza choo na mahali pa kupikia. Hamia. Fedha ya kodi ndiyo itakayopiga lipu chumba cha pili.

Na katika hivyo vitatu, choo kitangulie, na mlango wake uwe na komeo kabla sebule haijaota hata ndoto ya rangi. Mgeni wa kwanza kuja kuona mlipofikia atakuwa mama mkwe, na atafika bila kupiga simu.