Mjomba, Njaa Haitatukuta Popote

Ndugu zangu wa Tanga,

Mpango wa Mjomba wa safari ya Julai nchini Ufaransa umenifikia, na nimeusoma kwa heshima anayostahili mtu aliyeendesha lori maisha yake yote bila kumuuliza mtu njia. Siku moja, asubuhi hadi magharibi: tuanzie Collonges-la-Rouge, kile kijiji cha mawe mekundu, tushuke Rocamadour iliyong'ang'ania kwenye jabali, tuvuke hadi Saint-Cirq-Lapopie juu ya mto Lot, tupitie Conques, tumalizie kwenye daraja la Millau lenye kimo cha mita 343. Jumla ni kama kilomita 300, nanyi mmeona hata Tanga na Dar es Salaam ni mbali zaidi. Hesabu haina kasoro. Kinachonitisha ni mstari wa mwisho, ulioandikwa bila wasiwasi wowote: "Chakula, popote njaa itakapotukuta." Mjomba, kwa adabu zote, mstari huo ndio unaoua safari.

Hoja yangu ni kwamba mashambani Ufaransa safari hupangwa kuanzia sahani ya mchana, kisha kilomita zitafute pa kujipenyeza. Mkahawa wa kijijini huanza kupakua saa sita. Ikigonga saa nane jiko limezimwa, mpishi amevua aproni, na hakuna wa kumbembeleza hadi saa moja usiku. Duka la mkate nalo limefungwa, duka la dawa limefungwa, ofisi ya meya imefungwa. Nchi imekwenda kula. Msidhani ni ukaidi wa wazee wachache. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi wa binadamu, ule urithi usioshikika kwa mkono, ingawa huu unashikika vizuri kwa uma. Sheria yao ya kazi nayo inakataza mwajiri kuwaacha wafanyakazi wale pale pale wanapofanyia kazi. Wakati wa korona, mwaka 2021, serikali ililazimika kuilegeza kwa muda ili karani apate ruhusa ya kula mezani pake. Sisi ambao fundi anakula ugali juu ya boneti la gari analolitengeneza, tutaanzia wapi kubishana na taifa kama hilo? Tena tuna maradhi yetu: mtu akikwambia yuko njiani, ujue anatafuta kiatu. Nyumbani maradhi hayo hayaui, kwa kuwa wali hufunikwa kawa ukamngoja mwenyewe. Huku wali haungoji.

Mtasema basi tukimbize gari, saa sita itukute Saint-Cirq. Hapo ndipo barabara nayo inapokula njama na jiko. Julai 2018 serikali ilishusha mwendo wa barabara za mashambani kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 80. Kelele zikawa nyingi, ikatungwa sheria ya kuziruhusu departimenti, tuseme ni mikoa yao midogo, zirudishe 90 zikipenda. Nyingine zikapenda, nyingine zikakataa, kwa hiyo ukivuka mpaka usioonekana, katikati ya ng'ombe, huenda mwendo ukabadilika, na namba ya barabara ikabadilika pia, ijapokuwa lami ni ile ile. Kijijini ni 50, na hawakuandikii 50: jina la kijiji kwenye kibao chenye ukingo mwekundu ndilo amri yenyewe, na jina hilo hilo likichorwa mstari wa kulikata, umeachiwa. Hili halitatusumbua, maana tumelelewa na hamsini za vijijini na trafiki mwenye tochi nyuma ya mwembe. Jipya ni kwamba kuanzia mwishoni mwa 2023 wakulima wenye hasira walipita wakivipindua vibao hivyo miguu juu, wakisema nchi inatembea kwa kichwa. Mkikuta bado kuna kijiji kilichosimamishwa namna hiyo, msihofu, gari halijapinduka. Punguzeni mwendo tu.

Kisha kuna sheria ya kulia, ambayo peke yake ingetosha kumstaafisha Mjomba. Kwetu njia panda isiyo na alama ina kanuni inayoeleweka na kila kiumbe: basi hupita kwanza, lori linafuata, na mwenye baiskeli amtaje Mola wake. Wafaransa, watu waliopindua ufalme kwa ajili ya usawa, hawakuweza kulikubali hilo. Wakaamua kwamba pasipo alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki, hata wewe ukiwa kwenye barabara pana yenye mstari mweupe wa kujivunia, naye akitoka kwenye kijinjia chembamba kati ya banda la bata na ukuta wa kanisa. Trekta likichomoza hapo na nyasi zake, wewe ndiye unayesimama. Dereva hata hakutazami, na sheria inamruhusu asikutazame. Kuna dawa: almasi ya njano yenye ukingo mweupe hukwambia kwamba barabara hii ni yako, na almasi hiyo ikikatwa mstari mweusi, umenyang'anywa. Ufalme wako unaweza kuanza na kwisha mara tatu kabla hujamaliza kumenya chungwa. Atakayesema sheria hii haina akili, mimi sikubaliani naye. Ina akili nyingi mno, kwani inamlazimisha mgeni aingie kila kijiji kama mgeni, polepole, akichungulia. Lakini mtu anayechungulia hafiki mezani saa sita.

Shangazi, najua utauliza kwa nini tusishike barabara kuu ya kulipia, ya kilomita 130 kwa saa, 110 mvua ikinyesha, ambako vituo vyake vinauza chakula wakati wote. Ni kweli, na anayekwenda kuzika ashike hiyo. Ila barabara ile imejengwa ili vijiji visikuone, na walioijenga walijua hivyo wenyewe, ndiyo maana wakapanga kando yake vibao vya kahawia vyenye michoro ya ngome na makanisa unayoyapita. Wanakulipisha, kisha wanakuonyesha picha ya ulichokikosa. Halafu tunazungumzia Julai. Kiangazi cha 1975 foleni za likizo zilizidi hadi mwaka uliofuata wakaanzisha idara ya kutabiri foleni, Bison Futé, inayozipaka siku rangi: kijani, chungwa, nyekundu na nyeusi. Nyeusi huwa ni Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, wanaorudi wanapopishana na wanaokwenda. Kuhusu simu kutuongoza, simu inajua njia fupi, haijui jiko limezimwa saa ngapi. Hata kamera za mwendo hairuhusiwi kuzitaja waziwazi. Tangu 2012 inakutangazia tu "eneo la hatari", nalo mashambani linaweza kufika urefu wa kilomita 2, ubaki unajiuliza ni kamera au ni chui.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la kijana wetu aliyesoma kwamba vijiji vya huku siku hizi vina mashine za pitsa. Zipo. Kijiji kinapopoteza mwoka mikate wake, pembeni ya maegesho husimamishwa kabati la chuma, na kuna jingine la mikate mirefu. Unabonyeza picha, unagusisha kadi, linaguna tumboni dakika chache, kisha mdomo unafunguka na pitsa inatoka imeshaiva, saa tisa alasiri au saa tisa usiku, lenyewe halijali. Nakubali kwamba hiki ni chakula popote njaa itakapotukuta. Nakataa kwamba ni jibu. Basi likisimama Korogwe, yule mama wa machungwa huliona dirisha lako kabla hujalifungua; anakupunguzia, anakuongezea moja kwa ajili ya mtoto, chenji inakufuata mbio huku basi limeshaondoka, na matusi mawili kwa kondakta ni nyongeza. Kabati halina nyongeza. Ukiliambia limezidisha bei linakuuliza kama unataka risiti. Nimelifikiria jambo hili zaidi ya linavyohitaji, na naomba tusiliendeleze.

Limebaki la sala, na hapa Mjomba ndiye atakayecheka. Sehemu zile, wakati wa kiangazi, jua hufika utosini karibu na saa nane mchana, kwa sababu saa zao zimesogezwa mbele na nchi yenyewe iko magharibi. Adhuhuri inaingia mpishi anapovua aproni. Kwa hiyo tutakula kwanza, tutaswali baadaye, na hakuna atakayechelewa kwa chochote. Magharibi itatuchelewea sisi, hadi karibu na saa tatu na nusu usiku. Bata wa huko tutamsalimia tu, kwa kuwa hatujui alivyochinjwa. Tutaagiza samaki wa mtoni na jibini la mbuzi la Rocamadour, dogo kama sarafu kubwa, ambalo Shangazi atalitazama kwa mashaka kisha aombe la pili.

Basi nimeufuta mpango na kuuandika upya. Jumamosi ni Collonges asubuhi na Rocamadour mezani, saa sita na robo, meza imewekwa kwa simu. Jumapili ni Saint-Cirq peke yake, mkate ununuliwe kabla ya saa tano. Jumatatu mikahawa mingi haifungui kabisa, kwa hiyo siku hiyo ni ya Conques na mahamri, na mahamri hayo yatoke Tanga, kwenye sanduku la Shangazi, chini ya kanga. Millau ni Jumanne, Mungu akipenda. Mjomba ataendesha. Mimi nitakaa kulia kwake, upande wa matrekta.