Mbwa Hana Kosa

 Wazee wangu wa Lushoto, na ninyi vijana, huku Uingereza nimekuta kanuni ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu. Mbwa ambaye hajatimiza miezi 18 haruhusiwi kushindana katika mchezo wa kuruka viunzi, ili mwili wake ukomae kwanza. Mtoto wa binadamu anayemwongoza anaruhusiwa akiwa na miaka 6. Chama cha vijana wenye mbwa, kilicho chini ya Kennel Club, chama cha mbwa cha Waingereza, huwapokea kuanzia umri huo hadi miaka 24, umri ambao kwetu mtu ameshakalia vikao vya mahari, kimoja kikiwa chake mwenyewe. Mlinitabiria kwamba nikifika huku nitaona maajabu. Nadhani mlikuwa mnafikiria treni za chini ya ardhi.

Mchezo huu ulianza mwaka 1978 jijini London, katika maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts, ambayo siku hizi hufanyika Birmingham kila Machi. Waandaaji walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji kati ya shughuli moja na nyingine, wakaiga mashindano ya farasi, wakaingiza mbwa. Kufikia 1980 kichekesho kile kilikuwa na kanuni, na Mwingereza akishakiandikia kitu kanuni, kicheko kimekwisha. Mbwa anaruka viunzi, anapita ndani ya bomba refu, anapanda mbao zilizoegemeana kama paa na kushukia upande wa pili. Kisha anajipenyeza kati ya fito 12, kila moja sentimita 60 kutoka mwenzake, kushoto, kulia, kushoto, kama basi la Mombo likipanda milima kuitafuta Soni, ila hapa hakuna abiria anayeomba mfuko.

Lakini chombo kilichonishinda ni ubao wa kupanda na kushuka. Mnaujua: ubao mrefu umeegeshwa katikati, upande mmoja ukiinuka mwingine unalala. Watoto wa dunia nzima huuchezea wawili wawili, huku mbwa anaupanda peke yake. Akivuka katikati ubao unaanza kuinama, naye anatakiwa atulie hadi ncha iguse chini. Ncha ile imepakwa rangi tofauti, na mbwa lazima aweke japo unyayo mmoja juu ya rangi hiyo kabla ya kushuka. Akiiruka, pointi 5 za adhabu. Mwamuzi mtu mzima huisogelea na kuikodolea macho ile rangi kama wakala wa chama anayelinda kura. Rangi haikupakwa kwa ajili ya mbwa, maana mbwa hana habari nayo. Hajui pia kwamba kila kiunzi kina namba, wala kwamba akiruka cha 9 kabla ya cha 8 safari yao imeishia hapo. Anayejua ni mtoto.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Huu unaitwa mchezo wa mbwa kwa adabu tu. Anayefanya mtihani ni mtoto. Angalieni anavyonyang'anywa silaha zote. Kamba, hana. Chakula mkononi hakiruhusiwi uwanjani. Kumgusa mbwa ni kosa. Anabaki na sauti, mabega na miguu, na mbwa hufuata zaidi miguu kuliko maneno: mtoto akielekeza vidole vya mguu kushoto huku akisema kulia, mbwa anakwenda kushoto, na karatasi ya mwamuzi haina nafasi ya kuandika kwamba mbwa hasikii. Kabla ya mashindano watoto huingia uwanjani bila mbwa, wakapita njia nzima wakinyoosha mikono na kunong'ona amri kwa kiumbe asiyekuwepo. Kwetu mtoto akionekana hivyo kiwanjani, jioni ile ile watu wangekuwa wameshamwita shehe wa kumsomea.

Najua swali la kwanza litakalotoka barazani: na najisi je? Sina ubavu wa kubishana na wanazuoni, na kwa madhehebu yetu mate ya mbwa yana hukumu yake: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini madhehebu hayohayo yanamruhusu mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba, na Suratul Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Kwa hiyo mbwa aliyefundishwa ana daraja lake tangu zamani. Isitoshe, huu huenda ndio mchezo pekee duniani ambao kanuni yenyewe inamkataza mtoto kumshika mbwa.

Swali la pili ni la wenye mali: mbwa akizoea kumtii mtoto, mwizi naye si atamtuma dukani? Mbwa wa polisi ndiye anayetii kuliko wote, na sijasikia jambazi aliyefarijika kwa kuambiwa kwamba mbwa anayemkimbiza ana adabu. Na anayesema mnyama wa Kiafrika hafundishiki bila fimbo, aulize Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi, njia ileile ambayo wengi huku huwafundishia mbwa. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alikwenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, likamvisha medali ya dhahabu. Panya kutoka kwetu anatunukiwa na Waingereza, na mimi bado nazungushwa na fomu zao.

Wala msiseme mambo haya ni mageni milimani. Aliyeanzisha utawala wa Wakilindi, Mbegha, aliingia Usambara akiwa mwindaji mwenye mbwa wake, na Abdallah bin Hemedi alisimulia habari hizo kwa Kiswahili chetu wenyewe. Kilichomfukuza Kilindi, kama masimulizi yanavyokwenda, ni kifo cha mtoto wa mkubwa wa huko, aliyefuatana naye kuwinda nguruwe. Mbegha hakusema kwamba mbwa walichelewa. Aliyeongoza msafara ndiye aliyebeba lawama, akakimbia nayo, na Vugha ya Usambara ikapata mfalme. Hata leo mtoto anayelinda mahindi dhidi ya ngedere pembeni ya msitu wa Magamba anafanya kazi ngumu kuliko hii ya Birmingham: ngedere hawana namba, wala hawasubiri ishara ya kuanza. Tofauti ni kwamba mahindi yakiliwa, anayepigwa jiwe ni mbwa wake, Popi.

Gharama basi? Huku ni anasa, sikatai. Mbwa wana bima ya afya, na nikiwatajia malipo yake mtasema nimeanza ulevi. Kwetu vifaa vyote vipo: fito za mkaratusi, mabanzi, pipa lililotobolewa pande zote mbili, saa ya kwenye simu. Baridi ya kukimbilia ipo pia, tena bora kuliko hii ya huku, ambayo mimi niliyeringa kwamba mtu wa Lushoto haogopi baridi naipokea nikiwa na soksi mbili mbili. Ya huku haina moshi wa kuni wala mapeasi. 

Kikwazo nakiona mahali pengine. Kanuni inawakataza walio nje ya uwanja kumsaidia mtoto. Mama, baba, mjomba, wote wanasimama kando ya kamba mikono kifuani, wanamwona mtoto anageukia kiunzi kisicho chake, wanajua, na wananyamaza. Mbio zenyewe hazifiki dakika moja. Sasa nitajieni mtu mzima mmoja, kuanzia Mombo hadi Mtae, anayeweza kumtazama mtoto akikosea kwa dakika nzima bila kusema kitu. Shangazi msimtaje, namfahamu.