Tumbo Halipokei Barua ya Uhamisho

Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mafaili yalichukua miaka arobaini na ushei kuianza safari yenyewe, kwani ni mwaka 2016 ndipo Rais Magufuli alipotangaza kuwa sasa serikali inahama kweli, nasi watumishi tukaanza kufunga magodoro. Kila kitu kilihama. Viti vilihama, mihuri ilihama, hata yale makabati ya chuma ambayo funguo zake zilipotea enzi za Mzee Mwinyi yalipakiwa kwenye malori. Kilichosahaulika ni tumbo. Tumbo halina namba ya ajira, halisaini popote, na posho ya uhamisho huipokea mwenye tumbo, si tumbo lenyewe. La kwangu likabaki Tanga.

Nimepanga Nkuhungu, hapa Dodoma, kwenye nyumba yenye ua mmoja na wapangaji wa kila mkoa, na katika ua huo si mimi peke yangu niliyeliacha tumbo nyuma. Chumba cha mbele anakaa dada wa Bukoba, ambaye tumbo lake liko Kagera na linadai ndizi kila siku. Anayemfuatia ni mwalimu kutoka Same, anayeinjika makande Jumamosi na kuyapasha moto mpaka yanakosa jina. Kuna fundi pikipiki wa Mwanza, anayeamini kwamba samaki asiye na kichwa ni samaki wa wizi. Halafu yupo mama mwenye nyumba, Mgogo wa kuzaliwa, mtu pekee hapa uani ambaye yeye na tumbo lake wanaishi anwani moja.

Jioni majiko yakitolewa nje, hakuna anayepika peke yake. Ukifunua sufuria, shingo zote zinarefuka.

“Kaka, huo ni wali au uji?” ataanza dada wa Bukoba.

“Ni wali wa nazi, dada. Haujakauka tu.”

“Na hiyo nazi umeipata kwa shilingi ngapi?”

Nikitaja bei, mwalimu huvua miwani. Kwa hela hiyo, anasema, kwao Same mtu angenunua mahindi na maharage ya wiki nzima na chenji ya chumvi ikabaki. Simlaumu. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa wastani mwaka mzima haifiki hata milimita 600. Mnazi gani utaota hapo? Nazi inayofika sokoni huku imesafiri kuliko baadhi ya wabunge, na mara nyingine imechoka kuwazidi. Unaivunja kwa matumaini, inakupa harufu inayomwondoa paka.

Mama mwenye nyumba huyasikiliza yote akiwa kwenye kigoda chake, kisha anatoa hukumu. “Wanangu, mnahangaika bure. Ardhi hii haipokei amri. Waulizeni Wazungu wa Kongwa.”

Hapo ana hoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Wakubwa wa London wakaangalia ramani, wakaona Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma, wakasema hapa tutalima karanga mpaka dunia ishibe. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kuunguruma. Mibuyu ikagoma kung'oka. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, ukavunja majembe ya chuma, na mvua nayo ikaja kwa ratiba zake. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimezama, yote hayo kwa sababu ya mafuta ya kukaangia! Tangu niisikie habari hiyo, bei ya nazi moja hainiumi sana. Mama mwenye nyumba yeye hupata karanga kwa jamaa zake wa huko huko Kongwa, wanaolima kwa jembe la mkono, na hajawahi kumwona trekta mlangoni kwake akidai fidia.

Karanga hizo huishia kwenye mlenda. Kwa asiyeujua mlenda wa Kigogo, ni majani yanayochumwa wakati wa mvua, yakaanikwa juani, yakatwangwa na kuchekechwa yakawa unga wa kijani. Unga huo huwekwa akiba kwa ajili ya kiangazi, ambacho hapa kinakula zaidi ya nusu ya mwaka. Maji yakichemka unatia nyanya, unanyunyizia unga wako huku ukikoroga, unamalizia na karanga zilizotwangwa. Mwenzake ni ugali wa uwele au wa mtama, mzito, wa rangi ya kijivu, ambao mgeni wa pwani huutazama akidhani umeungua.

Mlenda una tabia moja: haukubali kuachana na mtu. Unachovya tonge, unalinyanyua, mlenda unapanda nalo. Tonge limefika mdomoni, uzi bado umeshika bakuli. Mwenyeji huzungusha kifundo cha mkono mara moja tu, uzi unakatika, maisha yanaendelea. Mgeni huinua mkono, akaona haitoshi akauinua zaidi, na wapo walioishia kusimama.

Kwa mama lishe mmoja kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, nilimshuhudia mtumishi mwenye tai nyekundu akiwa katikati ya kazi hiyo. Simu yake ikaita mezani, na kwa jinsi alivyoshtuka, aliyepiga alikuwa mkubwa wake. Akagusa kioo kwa kidole. Simu ikateleza, haikupokea. Akajifuta kwenye suruali, akagusa tena, hola. Akajaribu kidole cha mwisho, kile cha mkono wa kushoto, nacho kumbe kilikuwa kimeshapita bakulini. Mwishowe akainama, akapokea kwa pua. “Ndiyo mheshimiwa, niko kikaoni,” akasema kwa sauti ya utiifu, huku uzi mwembamba wa kijani ukiiunganisha tai yake na kikao chenyewe.

Basi dada yangu akaja kunitembelea. Alitoka Tanga na kiroba cha nazi, akapitia Segera, Chalinze na Morogoro, akashuka stendi upepo wa Dodoma ukampokea kwa konzi ya vumbi usoni. Dada yangu ni mtu wa usafi. Kwake yeye, chungu kilicho wazi ni mwaliko kwa nzi na shetani. Jioni ile mama mwenye nyumba alikuwa amebandika mlenda, akainuka kwenda getini kumpokea mgeni wake. Dada akakiona chungu kiko wazi, akaliona vumbi linakuja, akatafuta mfuniko.

Mlenda haufunikwi. Ukifunikwa unavimba, unapanda, unatoa povu. Mfuniko ulianza kucheza, ukainuka, na mlenda ukatoka pande zote ukiwa na haraka zake. Ukazima mkaa, ukashuka chini, ukashika njia ya makande ya mwalimu.

Mama mwenye nyumba akarudi. “Nani kafunika?”

Ua mzima ukageukia mawinguni.

“Shikamoo mama,” dada yangu akasema taratibu.

“Marahaba mwanangu. Kwenu mlenda mnaufunika?”

“Kwetu tunafunika kila kitu, mama.”

“Ndiyo maana hamuoni kinachoendelea.”

Mimi mwenyewe niliwahi kutafuta heshima hapo uani kwa njia ya kisasa. Nilinunua mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6. Ilikuwa mwaka 2024, serikali imezindua mkakati wa nishati safi unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika bila kuni wala mkaa. Fundi pikipiki, aliyekuwa ameisikia taarifa hiyo redioni, alimsimulia mama mwenye nyumba habari yote.

“Na hao ishirini watakaobaki?” mama akauliza.

“Labda wewe, mama.”

“Vizuri. Niacheni na ishirini zangu.”

Gesi ina macho. Haijawahi kuniishia nikichemsha maji ya kuoga. Husubiri wageni wa ofisini wakae, soda zifunguliwe, wali ufike pale ambapo juu kuna maji na chini kuna kiini, ndipo moto unageuka bluu hafifu, unakohoa, unazima. Duka la mitungi limefungwa. Nikabeba sufuria langu kwa mikono miwili hadi kwenye jiko la mkaa la mama mwenye nyumba, nikakuta dada wa Bukoba ametangulia na ndizi zake, maana mtungi wake na wangu walikuwa wamekubaliana. Usiku ule asilimia ishirini iliilisha asilimia themanini yote, na mama hakusema neno. Alitabasamu tu kila alipoongeza mkaa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mtu atasema, si mle nje tu? Tumejaribu. Mwisho wa mwezi huwa tunatoka ua mzima, na mabishano tunayabeba. Dada wa Bukoba anataka ndizi, fundi anataka sato mwenye kichwa, mwalimu anataka kujua bei kwanza. Mwisho tunaangukia mbuzi choma, kwa sababu mbuzi hana kwao, kila mkoa unamdai.

Kuna kibanda kimoja kisicho mbali na tunapokaa. Pale unachagua nyama mbichi ikiwa bado imening'inia. Nilionyesha paja, nono, likapimwa mbele ya macho yetu.

“Dakika kumi tu, mkubwa,” mchomaji akasema.

Kachumbari ikaja, tukaimaliza. Chumvi na pilipili vikaja, tukavitazama. Vijiti vya meno navyo vikaja, ikawa dhihaka. Mwalimu akasahihisha madaftari aliyokuja nayo kwapani, akamaliza darasa zima. Sinia lilipotua mezani, lilikuwa na mbavu, kipande cha shingo na mfupa ambao hatukuweza kuutambua.

“Paja langu liko wapi?”

“Ndilo hilo, mkubwa. Moto umelipunguza.”

Nimewahi kusoma fizikia kidogo, lakini moto unaopunguza paja likawa shingo sikuukuta kitabuni. Safari nyingine tukaamua kuagiza kuku wa kienyeji wa kuchemsha. Kuku yule, kwa jinsi nyama yake ilivyopambana, bila shaka alizaliwa Bunge lilipokuwa bado likikutana katika Ukumbi wa Msekwa, kabla ya jengo jipya la mwaka 2006. Fundi, ambaye hufungua boliti zenye kutu kwa riziki yake, aliomba udhuru.

Ndivyo tulivyojua kwamba tumbo halihamishwi kwa tangazo, wala kwa mtungi, wala kwa mshahara. Linahama kwa kuonja, na kuonja hutokea mtu akiwa kwenye shughuli nyingine kabisa.

Turudi kwa dada yangu. Alikaribia kuondoka akiwa na nazi mbili zilizobaki na deni la mlenda. Siku ya mwisho akaomba apike yeye. Akakaa mbele ya chungu, akakiacha wazi, vumbi liingie lisiingie. Mlenda ulipotulia, akachukua tui zito la kwanza akalimimina lote ndani.

Ua ukalipuka. Mwalimu akavua miwani, akakadiria thamani ya chungu kile, akaketi. Fundi akauliza kama kuna samaki humo, na kama yumo, kichwa kiko wapi. Dada wa Bukoba akasema hiyo ni ndoa ya mkeka, bibi na bwana hawajaulizwa. Mimi nikakaa kimya, kwa kuwa mpishi ni ndugu yangu na mwenye nyumba ndiye mwenye nyumba.

Mama akasogeza kigoda. Akamega ugali wa uwele, akachovya, akazungusha kifundo cha mkono, akala. Akakunja uso. Akachovya tena ili ahakikishe alichokikunjia uso. Akaendelea kuhakikisha, tonge baada ya tonge, nasi tumesimama, mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini. Akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akamtazama dada yangu.

“Mwanangu, hiki si chakula cha Kigogo. Wala sidhani kama kwenu wanakijua. Mkikipika tena, mniite mapema, nije nikikatae vizuri.”